Haya majarida ya nadharia ya fasihi na falsafa huandikiwa nani hasa?

#1 Msarifu_wa_Shela

Salaam wanajukwaa.

Nafanya kazi katika nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Wageni huacha vitabu, na mrithi wao ni mimi: riwaya za mauaji, vitabu vya ndege, miongozo ya safari. Safari hii mmoja kaacha jarida, tena toleo kuukuu. Jina silitaji, lisije likawa tangazo. Ni la chuo kikuu cha Marekani, hutoka mara nne kwa mwaka, na ni la nadharia ya fasihi, falsafa na mambo ya utamaduni.

Yote matatu nayapenda. Kiingereza changu nacho si cha kuombea maji. Malalamiko ya wageni nayajibu mimi na hakuna aliyewahi kuuliza nilikuwa na maana gani. Lakini kuna makala moja humo imenishinda. Kamusi nimefungua. Neno mojamoja nalijua, sentensi ikifika mwisho sijui imesema nini.

Dai langu, mnipige mkitaka: haya majarida huchapwa ili yawepo kwenye rafu. Msomaji hakufikiriwa. Anayebisha aniambie huandikiwa nani.

#2 KijanaMalindi

Nimeshakaa mbele na kahawa tungu na kashata. Ngoja waje wenye joho.

#3 Mkuu_wa_Kariakoo

Mkuu, jibu fupi hili hapa. Wanaandikiana wenyewe kwa wenyewe. Huyu anamnukuu yule, yule anamnukuu huyu, wote wanapanda cheo. Wala usiumize kichwa. Uzi ufungwe.

#4 BintiLangoni

Usifungwe, mimi ndiyo kwanza nafika.

Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, na chuo chetu hakikupi cheti mpaka uwe umechapisha makala. Kwa hiyo Mkuu #3 kasema kweli, ila nusu. Mwaka jana nilipokea barua pepe ya jarida moja likinisifu kwa "utafiti wangu mashuhuri" wakati sijaandika hata pendekezo la utafiti. Rafiki yangu alilipa ada, makala yake ikakubaliwa upesi kuliko unga unavyoumuka, na sasa tovuti ya jarida haifunguki. Majarida ya cheo yapo. Lakini aliloliokota Msarifu silo la aina hiyo. Hayo ya Marekani ya nadharia yanakataa makala nyingi kuliko yanazochapisha, na wanaozipima makala hawalipwi. Mtu hawezi kujitesa hivyo kwa ajili ya cheo tu.

Msarifu, hiyo makala inahusu nini?

#5 Nahodha_Mstaafu

Waalaikumu salaam mwanangu Msarifu.

Mimi shule sikufika mbali, lakini tenzi nimezisoma tangu chuoni, yaani madrasa, kwa hati zile za Kiarabu. Nakuuliza: Inkishafi mara ya kwanza uliielewa? Sayyid Abdalla anataja madaka yaliyokuwa yamepangwa sahani, sasa mna makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Nilipokuwa mtoto nikidhani anasimulia nyumba mbovu ya mtaani kwetu. Nilikuja kuelezwa Pate ilivyokuwa na ilivyoanguka nikiwa mtu mzima na ndevu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Labda na hao wanafumba.

#6 Msarifu_wa_Shela

Shikamoo mzee wangu. Nakubali Inkishafi sikuielewa, lakini niliipenda kabla sijaielewa. Masikio yalipata chake. Hili jarida halimpi hata sikio kitu.

@BintiLangoni, makala ni ndefu, kurasa zaidi ya 50. Nadhani inahusu karatasi za zamani, mahali pa kuweka nyaraka. Anamtaja sana Freud. Na kinachoniudhi zaidi: anaanza kwa kutuambia tusianze mwanzoni. Halafu kuna dibaji, kuna utangulizi, kuna utangulizi mwingine baada ya huo, na ukifika mahali pa hoja zenyewe kurasa zimebaki chache.

#7 BintiLangoni

Hahaha! Msarifu, jina huna haja ya kulitaja tena. Hiyo ni Archive Fever ya Derrida, yule mwanafalsafa wa Ufaransa. Jarida lako ni Diacritics la Chuo Kikuu cha Cornell, toleo la 1995. Makala hiyo baadaye ikawa kitabu kizima. Mgeni wako alikuwa mtu wa maana, watu wanaitafuta.

#8 Msarifu_wa_Shela

Umenitoa nguo hadharani. Ndiyo hilo.

#9 Mhadhiri_wa_Pwani

Habari zenu. Niseme kidogo kuhusu haya majarida yalivyozaliwa.

Oktoba 1966 kulikuwa na mkutano katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Waliitwa Wafaransa waje kuwaeleza Wamarekani umuundo (structuralism) ni nini: Barthes alikuwepo, Lacan alikuwepo, na kijana mmoja ambaye hakuwa na jina kubwa, Derrida. Wenyeji walitaka kufundishwa umuundo. Kijana akasimama akaanza kuubomoa. Baada ya hapo majarida yakafuatana: New Literary History 1969, Diacritics 1971, Critical Inquiry la Chicago 1974. Sehemu ya kazi yao mwanzoni ilikuwa kupokea Kifaransa na kukifanya Kiingereza. Kwa hiyo Msarifu, unachokisoma ni Kifaransa kilichovaa suruali ya Kiingereza. Derrida alikuwa akichezea lugha yake kama mtunzi, na mchezo ule ukivushwa unabaki mzigo bila mchezo. Ndiyo maelezo yangu: ugumu ni wa tafsiri.

#10 KijanaMalindi

Mwalimu #9 nakupinga nikiwa na ushahidi. Huku Malindi Kiitaliano tunakijua kwa sababu ya mkate, si kwa sababu ya shahada. Wataliano nao huacha vitabu. Nilipata kimoja cha Umberto Eco cha mambo ya ishara, katika lugha yake mwenyewe, hakijavushwa popote. Sikuelewa. Nikampa Mtaliano mwenye mgahawa, akasoma kurasa mbili, akaniambia "bello" na akakitumia kuzuia mlango.

Riwaya ya Eco nilisoma nikamaliza. Mtu ni yuleyule, lugha ni ileile. Tafsiri haina kosa hapo.

#11 Mkuu_wa_Kariakoo

Mmesahau yule mwanafizikia? Aliandika upuuzi mtupu kuhusu fizikia na utamaduni, akawapelekea Critical Inquiry, wakachapisha kwa furaha, kesho yake akatangaza kuwa alikuwa anawatania. Baada ya hapo mimi mtu akiniambia "jarida la nadharia" nashika mfuko wangu.

#12 Dkt_Tanbihi

Si Critical Inquiry. Ni Social Text, mwaka wa 1996. Mwanafizikia ni Alan Sokal wa Chuo Kikuu cha New York. Makala yake ilidai, kwa tanbihi nyingi za kupendeza, kwamba uvutano wa kikwanta ni suala la jamii na lugha, na siri akaitoa mwenyewe katika jarida jingine, Lingua Franca. Tena Social Text wakati ule halikuwa likipeleka makala kwa wahakiki wa nje. Kwa hiyo kisa kile kinathibitisha uzembe wa wahariri wa jarida moja. Hakithibitishi kwamba kila kigumu ni upuuzi.

#13 Mkuu_wa_Kariakoo

Jina la jarida si hoja mkuu. Hoja ni kwamba waliliwa.

#14 BintiLangoni

Kama ni visa, na mimi nina changu, tena kinalihusu hilohilo Diacritics. Kulikuwa na jarida linaitwa Philosophy and Literature, mhariri wake Denis Dutton, lililokuwa likifanya mashindano ya maandishi mabovu ya wasomi. Mwaka wa 1998 mshindi alikuwa Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani, kwa sentensi moja ya maneno zaidi ya 90 aliyoichapisha Diacritics mwaka uliotangulia. Dunia ikacheka.

Sasa sikilizeni alivyojibu, maana alijibu, katika New York Times mwaka uliofuata. Alisema lugha rahisi ya kila siku mara nyingine ndiyo inayoficha dhuluma. Kulikuwa na wakati Marekani mtu kumiliki watumwa lilikuwa jambo la "akili ya kawaida", halihitaji maneno magumu. Anayetaka kulivunja jambo linaloonekana la kawaida lazima aisumbue lugha yenyewe.

Mimi sikubaliani naye kwa kila kitu (sentensi ile kwa kweli ni mbaya) lakini hapo alinikamata. Sisi watoto wa mtaa wa Langoni, Lamu, tunajua "kawaida" ya mji huu imewahi kuwaficha kina nani.

#15 Nahodha_Mstaafu

Binti umesema neno zito. Lakini aliyetaka kuvunja jambo hapa Amu, yaani Lamu, alitumia lugha iliyoeleweka mpaka kwa mpanda punda. Mashairi ya kimwondo, uchaguzi ule wa miaka ya 74 na 75, yalipigwa kwenye kaseti yakazunguka mji mzima na visiwa vyote. Huyu akitunga yeo, kesho jawabu laya, na jawabu lafuata kina cha mwenzake na kumpindua kwa maneno yake mwenyewe. Wazee na wanawake majumbani wakisikiliza na kuamua nani kashinda. Nyinyi mwaita wahakiki. Sisi wahakiki wetu walikuwa mji mzima, na ukikosea mizani wacheka hadharani.

#16 Mhadhiri_wa_Pwani

Mzee Nahodha, angekuwa hai Profesa Odera Oruka angekufuata na kinasa sauti. Ndiye aliyezunguka vijijini kuwahoji wenye hekima, akisema falsafa ya Kiafrika itafutwe kwa watu wanaofikiri, wawe wamesoma au hawakusoma. Na Nairobi ilikuwa na jarida lake la falsafa tangu 1974, Thought and Practice. Baadaye Mjerumani, Kai Kresse, akaandika kitabu, 2007, kuhusu kufikiri kifalsafa Mombasa. Humo yumo mshairi Ahmad Nassir, na yumo Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa huko kwenu Lamu.

#17 KijanaMalindi

Kwa hiyo Mjerumani akaja, akawasikiliza wazee wetu, akaandika kwa Kiingereza, na sisi tukitaka kujua wazee wetu walisema nini tukanunue. Hapo ndipo pangu.

#18 Msarifu_wa_Shela

KijanaMalindi umegusa kidonda. Nilipojua jina la makala nikaingia mtandaoni kutafuta maelezo, maana nilidhani kuna wa kunisaidia. Kila mlango nikibisha: lipa dola 30 na ushei kwa makala moja. Makala inayofafanua makala niliyonayo bure! Mshahara wangu mwaujua.

#19 Dkt_Tanbihi

Usilipe. Fungua akaunti JSTOR, ile maktaba ya majarida ya mtandaoni, ni bure, unaruhusiwa kusoma makala hadi 100 kwa mwezi mtandaoni. Kupakua ndiyo hukubaliwi. Na kwa Kiswahili kuna Swahili Forum, lilianza Köln 1994, sasa liko Leipzig, na makala zake, nyingine kwa Kiswahili, ni za wazi. Si kila mlango umefungwa.

Na @KijanaMalindi: Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, imamu na mshairi, mashairi yake yamechapwa na Brill mwaka wa 2023, Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, na kitabu kizima kinapakuliwa bila senti.

#20 KijanaMalindi

Ahsante. Nimepakua. Hasira yangu bado iko palepale ila imepunguzwa bei.

#21 Muunguja_Halisi

Hamjambo. Naona mnazungukazunguka na jibu lilishatolewa na Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin. Alisema elimu yetu inaelekea nje: hapa tunachota malighafi, kule wanatengeneza nadharia, kisha nadharia inarudi kuuzwa kwetu kama nguo. Hata msomi wa Kiafrika anapoandika, anamwandikia msomaji wa Ulaya, na maswali anayojiuliza ni ya msomaji huyo. Kwa hiyo swali la Msarifu "huandikiwa nani" lina jibu la wazi: si wewe. Ugumu au wepesi wa sentensi haubadilishi kitu. Ingeandikwa kwa lugha nyepesi kama maji bado isingekuwa yako.

#22 Mkuu_wa_Kariakoo

Lakini tulikuwa na letu. Transition la Nairobi, miaka ya sitini, akina Soyinka na Achebe wote waliandika humo.

#23 Dkt_Tanbihi

La Kampala. Rajat Neogi alilianzisha Kampala mwaka wa 1961. Mwaka wa 1967 ikafichuka kwamba shirika lililokuwa likilifadhili lilipata fedha kutoka CIA, na mwaka uliofuata serikali ya Obote ikamtia Neogi ndani. Likahamia Accra. Soyinka alikuja kuwa mhariri wake huko.

#24 Mkuu_wa_Kariakoo

Huyu Tanbihi hulala saa ngapi?

#25 Muunguja_Halisi

Hata hilo la Kampala lilikuwa la Kiingereza. Ubishi wetu wa kweli wa nadharia ulifanyika kwa Kiswahili, wakati ule wa vita vya mashairi. Kezilahabi alitoa diwani yake 1974, mashairi bila vina wala mizani, akayatetea katika utangulizi. Wanamapokeo wakawaka: hayo si mashairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Mulokozi na Kahigi wakaingia upande wa wanausasa. Ubishi ukaendelea miaka mingi, kwenye majarida ya pale Dar, Kiswahili na Mulika, kwenye vitabu, kwenye makongamano. Hakuna aliyeuliza ubishi ule ulikuwa wa nani. Ulikuwa wetu, kila mtu alikuwa na upande.

#26 Nahodha_Mstaafu

Na upande wangu mwaujua. Shairi bila vina ni jahazi bila tanga.

#27 Muunguja_Halisi

Heshima yako mzee, ila Ibrahim Noor Shariff, mtu wa mapokeo hasa, alionyesha katika kitabu chake cha 1988 kwamba tungo zetu za kale zilikuwa za namna nyingi sana. Tumbuizo zile za kina Liyongo hazikai katika mizani hiyo mnayoisimamia. Waliokaza kamba ni watu wa juzi.

#28 Nahodha_Mstaafu

Tumbuizo zina mwimbo wake. Zimbwe ndipo uzipime. Kezilahabi nani alimwimba?

#29 BintiLangoni

Kezilahabi ndiye anayenisumbua katika uzi huu wote. Tasnifu yake ya udaktari aliiandika Wisconsin, 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, kwa Kiingereza, na inapambana na hao hao Wafaransa na Wajerumani. Kisha akarudi kwenye Kiswahili akaandika Nagona na Mzingile. Nani hapa anaweza kuniambia Nagona inahusu nini? Ni Kiswahili, haikutafsiriwa, mwandishi ni wa Ukerewe, haikumfuata msomaji wa Ulaya. Na ni ngumu kuliko Diacritics. Basi nadharia ya tafsiri ya Mhadhiri #9 inakwama, ya Hountondji #21 inakwama, na ya cheo #3 inakwama kabisa maana riwaya haimpandishi mtu cheo.

#30 Mhadhiri_wa_Pwani

Haijakwama. Nagona ni kazi ya sanaa, ina haki ya kuwa ngumu. Makala ya jarida inadai kueleza. Ukidai kueleza usipoeleza una deni.

#31 BintiLangoni

Derrida angekuuliza nani kauchora mpaka huo kati ya sanaa na maelezo 🙂

#32 Mhadhiri_wa_Pwani

Ndiyo maana sikumwalika.

#33 Dkt_Tanbihi

Kuna jambo rahisi mmelipita. Ile makala ya Msarifu haikuandikwa kuwa makala. Ilikuwa mhadhara, London, Juni 1994, mbele ya watu wa historia ya saikolojia ya Freud, katika kongamano kuhusu kumbukumbu na nyaraka. Waliokuwa ukumbini walijua kila jina na kila ugomvi. Miezi baadaye maneno yale yakachapwa, na miaka 30 baadaye yakaokotwa Shela. "Huandikiwa nani" hapa ina jibu: waliokuwa ukumbini siku ile.

#34 Msarifu_wa_Shela

Hilo nimelipenda. Lakini basi jarida kazi yake nini, kama ni kubeba maneno ya ukumbini bila ukumbi? Kuna mtu anayeweza kunieleza anachosema, kwa Kiswahili cha gengeni?

#35 BintiLangoni

Nijaribu, na Tanbihi asinirukie.

Anasema hifadhi ya nyaraka ilianza kuwa nyumba. Kwa Wagiriki wa kale, ilikuwa nyumba ya wakubwa wa mji. Nyaraka rasmi ziliwekwa kwao, na wao wakapata mamlaka mawili kwa pamoja: kuzitunza, na kusema zina maana gani. Hakuna hifadhi bila mwenye ufunguo. Hilo la kwanza. La pili analichukua kwa Freud: ndani ya mtu mna msukumo wa kuharibu, unafanya kazi kimyakimya na hauachi alama. Tunahifadhi kwa sababu tunaweza kupoteza. Isingekuwa hatari ya kusahau, nani angehangaika na kabati? Ndipo anasema tuna homa ya kuhifadhi, na homa hiyo yenyewe inakula kinachohifadhiwa.

Zile dibaji na tangulizi zilizokuudhi ni za makusudi. Anachelewesha kuingia ndani ya nyumba.

#36 Msarifu_wa_Shela

Subiri. Mbona hayo nayaelewa? Hayo ni mambo ya mtaa wetu wa Mkomani kabisa. Nyumba ngapi hapa zina sanduku la vitabu vya hati, mwenye ufunguo ni mjomba mmoja, na maana ya kilichomo anaisema yeye? Hakuna aliyesoma, wote tunamwamini. Na mchwa anafanya kazi kimyakimya.

#37 Nahodha_Mstaafu

Na dibaji sisi tunazo. Mwana Kupona 1858 yu kitandani mgonjwa, amwita bintiye aje akae karibu na wino na karatasi. Hadithi haijaanza, karatasi zishatajwa. Kumbe huyo Mfaransa alikuwa akipita ndia ya zamani.

#38 Mhadhiri_wa_Pwani

Tusimfanye Derrida Mswahili kwa haraka hivyo. Yeye hakuwaza Lamu hata kidogo. Na mfano wa mchwa unapunguza hoja yake: msukumo anaousema uko ndani ya mwenye sanduku, si ndani ya mdudu.

#39 BintiLangoni

Mwenye sanduku anayekataa kulifungua mpaka mchwa aingie, huo msukumo uko kwa nani, mwalimu?

#40 Mkuu_wa_Kariakoo

Sisi Dar tulishawasaidia. Hati za Kiswahili ziko maktaba ya chuo kikuu, nyingi sana, alizikusanya Allen miaka ya sitini, yule aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya Lamu. Karibuni mje msome mali yenu, chai juu yetu.

#41 Dkt_Tanbihi

Hao ni Allen wawili. Aliyekusanya hati za Dar ni J. W. T. Allen. Wa makumbusho ya Lamu ni James de Vere Allen. Watu huwachanganya kila siku. Na nyingine ziko chuo cha SOAS, London, kutoka kwa wakusanyaji kina Taylor na Hichens. Zile za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha hapohapo Lamu, kupitia mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Karatasi zenyewe hazikuondoka mjini, picha ndizo zikawekwa mtandaoni.

#42 KijanaMalindi

Kwa hiyo hati ya Lamu naweza kuiona Malindi kwenye simu, lakini ya nyumba ya jirani siwezi mpaka mjomba akubali. Mwenye ufunguo London kawa mpole kuliko wa Mkomani.

#43 Muunguja_Halisi

Usifurahi upesi. Picha iko kwenye kompyuta ya nani? Umeme wa nani? Wakiizima usiku mmoja utapiga simu wapi? Ufunguo umehama tu.

#44 Nahodha_Mstaafu

Basi niseme. Sanduku mimi ninalo. La babu. Mna tenzi, mna dawa, mna hesabu za jahazi, mna barua za watu waliodaiana. Vijana wangu wa Mombasa wataka wapige picha watie kwenye simu. Nimekataa, na sio mchwa aliyenikataza. Mna barua humo za siri za nyumba za watu ambao wajukuu wao nasali nao safu moja.

#45 BintiLangoni

Mzee, tenzi tu. Barua ziache. Nije na daftari, sina haja ya simu. Au tukutane maktaba ya Ngome, na Msarifu alete jarida lake nimsomee.

#46 Nahodha_Mstaafu

Sanduku haliendi Ngome. Atakaye aje nyumbani, baada ya alasiri, na kalamu.

#47 Mkuu_wa_Kariakoo

Na sisi wa Dar je?

#48 Nahodha_Mstaafu

Mabasi yaja mpaka Mokowe. Kutoka hapo uliza boti.

#49 Dkt_Tanbihi

Mzee, kabla hawajafika: hizo hesabu za jahazi zina tarehe? Za hijria au za miladi?

#50 Nahodha_Mstaafu

Njoo uone.